Presha, msongo au mkazo kwenye meno ya vipandikizi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa maabara ya meno hapa Mwanza. Nimeombwa niandike maelezo ya Kiswahili kwa wagonjwa wanaowekewa vipandikizi, yaani mizizi bandia inayopachikwa kwenye mfupa wa taya, nami nimeandika hivi: "Meno bandia magumu huongeza presha kwenye vipandikizi, na meno laini huipunguza." Mwenzangu mmoja anataka presha iwe msongo, mwingine anasema shinikizo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, Fundi. Mimi ningeandika mkazo. Hata hivyo, katika sentensi yako presha si neno linalonisumbua zaidi. Magumu, laini, kwenye, na kile kiambishi hu- vinapotosha zaidi, kwa sababu vinagusa ukweli wenyewe wa jambo. Lakini nianze na ulichouliza.

Kwa mgonjwa, presha ni ugonjwa. "Presha imepanda", "natumia dawa za presha": ndivyo watu wanavyolitumia kila siku. Mzee akisoma kwamba meno yatamwongezea presha, ataogopa, na hatakuwa na kosa. Shinikizo halikuokoi, maana ndilo jina rasmi la presha hiyohiyo, na nje ya hospitali hutumika zaidi kwa watu wanaosukumana: mbunge alishinikizwa, serikali iko chini ya shinikizo. Msongo nao una kazi zake. Upo msongo wa mawazo, na upo msongo wa umeme, ndiyo maana taarifa za habari husema njia ya msongo wa kilovoti 400.

Mkazo unatokana na kaza. Kamba ya kuanikia nguo ukiikaza, unaiona imetulia, lakini ndani yake kuna mvutano, na ukizidi inakatika. Hicho ndicho unachotaka kusema: nguvu ya kutafuna imeingia ndani ya kifaa na ndani ya mfupa, na kila sehemu inaipokea kwa kiasi chake. Katika istilahi za fizikia, kani ni nguvu yenyewe, kanieneo ni kani inayosukuma juu ya eneo fulani, na mkazo ni kani inayogawanyika ndani ya kitu. Kanieneo na mkazo hupimwa kwa kipimo kimoja, paskali, na huenda ndiyo sababu watu huvichanganya. Chukua kani ya nyutoni 200. Ikipita katika eneo la milimita za mraba 4, mkazo ni megapaskali 50. Ikitawanywa katika milimita za mraba 20, mkazo unabaki megapaskali 10. Mgonjwa ametafuna vilevile, kani haikubadilika, lakini mkazo umepungua mara tano.

Tahadhari moja kwenu mafundi. Nyinyi hukaza skrubu za kushikiza meno bandia kwenye vipandikizi kutwa nzima, kwa hiyo "mkazo wa skrubu" unaweza kueleweka kama jinsi ilivyokazwa. Kwa kitendo andika kukaza au kukazwa, na kwa kilichomo andika mkazo ndani ya skrubu. Yote mawili yanaweza kukaa bila kugongana katika sentensi moja, tuseme ya daraja, yaani meno bandia yaliyounganishwa pamoja: "Daraja lisilokaa sawasawa huleta mkazo ndani ya skrubu mara tu linapokazwa, hata kabla mgonjwa hajatafuna."

Sasa magumu. Kiswahili cha kila siku kinalitwika neno gumu mizigo mitatu ambayo katika kazi yako ni lazima itenganishwe. Kuna kitu kisichokwaruzika, kuna kitu kisichopinda, na kuna kitu kisichovunjika. Zirkonia, ile kauri ya kutengenezea meno, haikwaruziki kirahisi na haipindi kirahisi, lakini ikifikia kikomo chake hupasuka, haikunjiki. Titaniamu, ambayo ni metali, hukwaruzika kirahisi kuliko zirkonia na hupinda kirahisi zaidi, lakini haipasuki ovyo. Zote utaziita ngumu, na msomaji atadhani zinafanana.

Sifa inayotawala jinsi mkazo unavyogawanyika ni ile ya pili, kutopinda. Katika kipimo cha sifa hiyo, namba ikiwa kubwa kitu hupinda kwa shida: titaniamu ina takriban gigapaskali 110, zirkonia takriban 200 na ushei, aloi za kobalti na kromu ziko karibu na hapo, na akriliki, ile plastiki ya meno bandia, haizidi sana 3. Wataalamu huweza kuiita sifa hiyo ukakamavu, kutokana na kukakamaa, na katika ripoti ya kitaalamu sina pingamizi. Kwa wagonjwa nisingelitumia. Ukakamavu kwa wengi ni gwaride na mazoezi ya viungo. Andika tu "isiyopinda kirahisi"; ni maneno mawili, na hakuna atakayekosa kuelewa.

Laini lina matatizo zaidi. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri ni laini, ukipitisha ulimi hutahisi mkwaruzo wowote. Akriliki iliyong'arishwa nayo ni laini. Neno hilo linaeleza uso wa kitu kabla ya kueleza kama kinabonyea, kwa hiyo "meno laini" yanaweza kuwa ya zirkonia tupu! Sema "yanayopinda kirahisi", au taja malighafi yenyewe.

Kwenye ni neno zuri kwa anayetaka kukwepa kutaja mahali, lakini wewe unataka kupataja. Mkazo uko wapi? Ndani ya kipandikizi? Ndani ya skrubu? Ndani ya fremu ya daraja, yaani kiunzi kinachoyashika meno yake? Katika mfupa, mkazo mkubwa kwa kawaida hukusanyika shingoni mwa kipandikizi, pale kinapoingia mfupani. Basi andika shingoni mwa, ndani ya, kati ya. Lugha yetu ina utajiri wa kutaja mahali, na hapa una sababu ya kuutumia.

Hapo ndipo tunafika kwenye hu-. Kiambishi hiki husema jambo ni la kawaida, la siku zote: jua huchomoza mashariki. Ulichokiandika hakistahili uhakika huo, na kwa sehemu kiko kinyume. Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazolipa nafasi ya kudidimia kidogo linapotafuna, kiasi cha mikromita 25 hadi 100. Kipandikizi kimeshikana na mfupa moja kwa moja, hudidimia mikromita 3 hadi 5 tu. Kwa hiyo mwaka 1983 mhandisi Richard Skalak alishauri meno ya akriliki yatumike juu ya vipandikizi, yapunguze makali ya pigo la ghafla. Wazo hilo ndilo lililozaa sentensi kama yako. Baadaye, uchambuzi mwingi wa kompyuta wa kani inayokandamiza polepole umeonyesha kwamba malighafi ya uso wa jino hubadilisha kidogo tu mkazo unaofika mfupani.

Fremu ni habari nyingine. Chukua daraja refu linalobebwa na vipandikizi vinne. Fremu yake ikiwa ya chuma au zirkonia, mgonjwa anapotafuna upande mmoja, mzigo unasambaa kwa vyote vinne. Ikiwa ya akriliki tupu, inapinda, na kipandikizi kilicho karibu na tonge ndicho kinachobeba sehemu kubwa, pamoja na skrubu yake. Yaani kinachopinda kirahisi ndicho kilichoongeza mkazo pale. Na fremu isiyopinda nayo ina masharti yake: ikitengenezwa vibaya haikusamehe, kosa lote linaishia kuwa mkazo ndani ya skrubu na mfupa. Panapotegemea hali namna hiyo, tumia "huweza", au taja sharti kwa "ikiwa".

Jambo dogo kabla sijakuandikia upya. Mara ya kwanza andika "vipandikizi vya meno" kwa ukamilifu, kwa sababu akina mama wengi wanaposikia vipandikizi huwaza vile vya uzazi wa mpango. "Pandikizi" bila ki- usiliguse kabisa. Pandikizi la mtu ni jitu, au mpelelezi aliyechomekwa. Meno bandia na meno ya bandia yote yanakubalika.

Kwa wagonjwa, ningeandika hivi:

"Unapotafuna, nguvu ya kutafuna hupita kwenye meno bandia, ikaingia ndani ya skrubu, vipandikizi vya meno na mfupa wa taya. Ikiwa meno yako yameunganishwa kuwa daraja refu, fremu isiyopinda kirahisi, kama ya chuma au zirkonia, husaidia kuugawa mzigo huo kwa vipandikizi vyote, ilimradi imekaa sawasawa. Daraja la akriliki tupu hupinda kirahisi zaidi na huweza kuongeza mkazo kwenye kipandikizi kilicho karibu na chakula unachotafuna."

Utaona hu- imerudi katika sehemu tatu na "huweza" imebaki mahali pamoja. Nimeacha "kwenye" mara mbili, palipokuwa hapahitaji kupimwa. Kama kliniki yenu huwapa wagonjwa daraja la muda la akriliki wakati mfupa unapona, ongeza sentensi ya kuwaambia watafune vyakula vyororo katika kipindi hicho, na hapo vyororo ndilo neno, si laini.