Pesa za wazee: kuongeza kiwango au kuongeza majina?

Mwenzetu ameuliza kama serikali ya Kenya ipandishe kiwango cha Inua Jamii, ruzuku ya fedha inayowalipa wazee na wengine wasiojiweza, kilingane na gharama ya maisha, au fedha hizo zitumike kusajili wazee zaidi. Nitajibu kwa ninayoyaona huku Kilifi, kwa kuwa mimi ndiye ninayempeleka mama yangu kuchukua pesa hizo na ndiye ninayejua zinavyokwisha.

Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, nacho hakijasogea tangu mwaka wa fedha wa 2011/12, ilhali bei za bidhaa kwa jumla zimepanda zaidi ya maradufu. Kwa hivyo mzee wa leo anapokea thamani isiyofika nusu ya aliyopokea mwenzake wa wakati ule, ingawa hakuna waziri aliyewahi kusimama akatangaza kwamba ruzuku imepunguzwa. Hata katika utafiti wa 2015/16 wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, mstari wa umaskini wa chakula pekee, yaani kiasi cha chini cha kununulia chakula kwa mwezi, ulikuwa shilingi 1,954 kwa mtu mzima wa kijijini na 2,551 kwa wa mjini. Ukiongeza mahitaji mengine ya lazima, ulikuwa 3,252 kijijini na 5,995 mjini. Yaani miaka hiyo pesa za wazee zilitosha unga na mboga za mtu mmoja wa shamba, basi.

Nyumbani kwetu pesa hizo huingia zikiwa zimeshaliwa. Malipo huchelewa, na mama hukopa unga, sukari na mafuta ya kupima kwa mwenye duka, ambaye huandika kila kitu katika daftari. Siku ya malipo tunatoa kwanza nauli ya bodaboda, kisha tunapita dukani kufuta deni, halafu dawa za presha, ambazo zahanati mara nyingi haina, tunanunua kwa kinachobaki. Mara nyingine hakibaki kitu, na hapo ndipo wajukuu wanaosoma huku wakimtegemea bibi wanapopata taabu.

Wanaodai kwamba kiwango hakiwezi kuguswa wautazame mpango wa HSNP, ruzuku ya fedha ya kukabili njaa ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Ulianza mwaka 2009 kwa 2,150 kila miezi miwili, kiasi kilichokokotolewa kutokana na thamani ya mgao wa chakula cha msaada, na kwa kuwa msingi wake ulikuwa bei ya chakula, ulipandishwa mara kadhaa hadi 5,400. Nchi ni ile ile.

Gharama si ndogo, sikatai: wanaolipwa wamepita milioni moja, kwa hiyo kila shilingi 1,000 inayoongezwa kwa mwezi ni zaidi ya bilioni 12 kwa mwaka. Hata hivyo ningeanza na kiwango, kwa sababu kuingiza jina jipya katika orodha inayolipa kiasi kisichotosha hata chakula ni kugawa upungufu kwa watu wengi zaidi. KNBS hutoa fahirisi ya bei kila mwezi. Bunge liweke sheria kwamba kila bajeti ya Juni ruzuku ipande kwa kadiri ya fahirisi hiyo, bila kungoja ahadi za kampeni. Sheria hiyo itaje pia tarehe ya malipo, maana hata 4,000 zikija zimechelewa zitaishia katika daftari la duka.