Maswali na Majibu: Nairobi hadi New York kwa ndege

Ni kilomita ngapi, na safari huchukua muda gani? (Msomaji, Kisumu)

Takriban kilomita 11,800 kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York. Kenya Airways ilianza kwenda huko moja kwa moja Oktoba 2018, kwa Boeing 787. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama saa 14.

Mbona kurudi ni haraka zaidi? (Msomaji, Thika)

Ni upepo. Kule juu, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa juu ya Atlantiki ya Kaskazini. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

Kwenye skrini niliona tunapita Sahara. Rubani alizunguka? (Msomaji, Arusha)

Hapana, hiyo ndiyo njia fupi. Ramani ya ukutani imeinyoosha dunia iliyo mviringo. Chukua tufe, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York: utakatiza Sahara, upite juu ya Morocco, ufike kaskazini zaidi kuliko New York yenyewe, kisha ushuke. Kuzunguka kwenyewe kupo, lakini kwa sababu nyingine. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zikalazimika kuikwepa.

Tiketi ya mama inasema 00:15, tarehe 12. Tumpeleke uwanjani lini? (Msomaji, Machakos)

Tarehe 11 usiku, dada yangu! Mwandikieni kabisa kwenye kalenda ya ukutani. Kwenye tiketi, siku mpya huanza saa sita usiku, kwa hiyo 00:15 ni saa sita na robo, usiku wa kuamkia tarehe 12. Afike uwanjani saa tatu usiku tarehe 11. Mkingoja jioni ya tarehe 12, ndege itakuwa imeshatua Marekani. Saa nyingine za tiketi ni rahisi: ikizidi 12, toa 12 kwanza, kisha hesabu saa zetu kama kawaida, 15:00 ni saa tisa alasiri.

Kumbukeni pia kwamba kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Kuondoka 23:00 na kufika 06:00 si safari ya saa saba. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Ziongezeni, mtapata 15. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba tofauti ni saa saba, kwa kuwa wao husogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi.

Ana miaka 71. Atavumilia? (Msomaji huyo huyo)

Wazee wengi huvumilia vizuri. Mchagulieni kiti cha kando ya njia, ainuke na kutembea mara kwa mara, anywe maji. Kama amewahi kuganda damu miguuni au amefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Na mwombeeni kiti cha magurudumu mapema kwa shirika la ndege, hata kama anatembea mwenyewe: foleni ya uhamiaji baada ya saa 15 angani inachosha hata vijana.