Kura ya Minnesota: Usiishie kwa Gavana

Tarehe 3 Novemba 2026 Minnesota, hapa Marekani, inachagua viongozi wa jimbo zima. Haya ni baadhi ya maswali mliyonitumia.

Namfahamu mgombea ugavana tu. Nikiacha nafasi nyingine wazi, kura yangu itaharibika? (Baba wa watatu, Brooklyn Park)

Haitaharibika, kaka. Ulipojaza patahesabiwa. Lakini nakusihi usiishie hapo juu. Gavana na mgombea mwenza wake mnawapigia kura moja. Chini yao yupo katibu wa jimbo, msimamizi wa uchaguzi wenyewe; mwanasheria mkuu, anayezipeleka mahakamani kampuni zinazolaghai wateja; na mkaguzi wa hesabu, anayefukua vitabu vya kaunti yako na vya shule za wanao. Kenya na Tanzania mwanasheria mkuu huteuliwa na rais, ndiyo maana wengi wetu hatujazoea kumchagua.

Na huko chini ndiko kura zinakobanana. Mwaka 2022, kwenye ugavana, Tim Walz alimwacha mpinzani wake Scott Jensen kwa zaidi ya asilimia 7. Keith Ellison alibaki na uanasheria mkuu kwa chini ya asilimia 1. Julie Blaha, mkaguzi wa hesabu, alipona kwa kura zisizofika 9,000 katika kura zaidi ya milioni 2! Wanaosema kura moja haina uzito nawakumbusha ugavana wa mwaka 1962: Karl Rolvaag alishinda kwa kura 91, na kuhesabu upya kulichukua miezi.

Nina green card na nalipa kodi. Naruhusiwa? (Msomaji, Rochester)

Hapana, na usijaribu, hata mtu akikuletea fomu na kukwambia hakuna shida. Ni kosa la jinai, linaweza kukukosesha uraia na kukufukuzisha nchini. Subiri uapishwe.

Ni raia, ila nimehama juzi na sijajiandikisha. (Dada, St. Cloud)

Jiandikishe palepale kituoni siku ya kura. Beba kitambulisho chenye picha na bili ya karibuni yenye anwani yako mpya. Huna bili? Jirani aliyejiandikisha katika kituo hichohicho anaweza kuapa kwa maandishi kwamba unaishi hapo, na anaruhusiwa kuwaapia watu hadi 8. Jamani, tusioneane haya kuombana. Vituo hufungwa saa 2 usiku. Ukiwa tayari kwenye foleni, usitoke.

Mama amepata uraia lakini hasomi Kiingereza. (Binti yake, Minneapolis)

Ingia naye. Ana haki ya kusaidiwa na mtu amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msomee majina yote, usimsukume. Mwaka 2022 nilimsindikiza bibi mmoja wa mtaani kwetu. Alijaza viduara kwa mkono wake, kalamu kaikaza, asitoke nje ya mstari. Tulipofika kwa mkaguzi wa hesabu akaniuliza, "Huyu ndiye wa pesa?" Nikamwambia ndiye. Akajaza, tukageuza karatasi.