Umekwama kwenye maili 72? Anza na miguu

Mdogo wangu, umesema una miaka 15, kasi ya mpira unaorusha kwenye besiboli imegoma kwenye maili 72 kwa saa, na sasa unarusha kwa nguvu zote kila siku ukitumaini itapanda. Hapo ndipo unapojiumiza. Mkono ni ncha ya mjeledi tu, nguvu inatoka chini.

Jirekodi kwa simu kutoka pembeni, halafu itazame video polepole. Mguu wa mbele unapokanyaga, nyonga ziwe zimeshaanza kumgeukia mpokeaji, yule anayedaka mpira wako, huku mabega bado hayajageuka. Kifua kikifunguka pamoja na nyonga, ule msokoto kati ya nyonga na mabega umekwisha kabla mpira haujatoka, na mkono unabaki kuhangaika peke yake. Angalia na goti la mbele: likizidi kupinda unapoachia mpira, nguvu inamwagika. Linatakiwa likaze, likaribie kunyooka. Mimi kulirekebisha goti hilo kulinichukua msimu mzima, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Ukiwa jimu, chuchumaa na uzito na unyanyue chuma kutoka sakafuni, kocha akiwepo. Na ule vizuri. Wengi wa umri wako wamepungukiwa kilo tu.

Hiyo ya kurusha kila siku, acha kabisa. Mwongozo wa Pitch Smart wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na USA Baseball, chama cha besiboli cha nchi hiyo, unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku kwa miaka 15 na 16, na ukifikisha 76 unapumzika siku 4. Kiwiko kikiuma upande wa ndani, weka mpira chini umwone daktari.