Baba hana hati ya mshahara: nijaze nini kwenye fomu ya ufadhili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, naomba vyuo binafsi vya Marekani. CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kuombea ufadhili wa vyuo, inauliza mapato ya wazazi. Baba analima viazi Njombe, mama ana genge. Hawana hati ya mshahara wala makadirio ya TRA. Rafiki kaniambia niweke sifuri nionekane mhitaji zaidi. Je, ni sawa? Na naweza kudahiliwa kwanza, ufadhili nikaomba baadaye?

JIBU: Marahaba. Sifuri usiweke. Ofisa wa ufadhili huyasoma mapato sambamba na matumizi. Ukiandika sifuri, halafu chini ukaonyesha umeme, chakula na ada za wadogo zako, atauliza mnaishije, na faili lako litakaa mezani mpaka ujieleze.

Kaa na baba mpige hesabu ya msimu. Tuseme aliuza gunia 60 kwa shilingi 70,000: ni 4,200,000. Toa mbegu, mbolea, dawa na vibarua, tuseme 1,700,000. Zinazobaki, 2,500,000, ndizo mapato. Genge nalo mpigie hesabu ya faida, mauzo yasiwachanganye. Jaza kwa shilingi; fomu hubadili yenyewe. Kama mjomba ndiye aliyekulipia ada, mtaje tu, wala hujiharibii. Chakula mnachokula kutoka shambani kieleze kwenye nafasi ya maelezo ya ziada. Ambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza.

La pili: hapana, na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wa mwombaji, hata akitoka nje ya Marekani, na wakimchukua hufidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Ila wanachukua wachache mno. Vyuo vingi vilivyobaki huangalia uwezo wa mgeni kabla ya kumdahili, na ukisema huhitaji msaada, vingi havikuruhusu kuuomba tena baadaye. Omba vyote kwa pamoja.

FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, achana nayo, ni ya raia na wakazi wa kudumu wa kule. CSS Profile yenyewe ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, hela nyingi kwa mkulima. Iandikie ofisi ya ufadhili ya kila chuo uombe msamaha wa ada hiyo. Baadhi hukupa namba ya msamaha, wengine fomu mbadala ya bure. Fomu hufunguliwa 1 Oktoba, kwa hiyo barua pepe hizo zitume mapema mwezi huo.