Sarafu ya tembo: usitaje bei wewe kwanza

Mdogo wangu, umesema tajiri amefunga safari kutoka Dar hadi Dodoma kuifuata sarafu ya dhahabu ya marehemu babu yako, yenye tembo na mwaka 1916, na anakubana umtajie bei. Usitaje! Mtu hapigi safari yote hiyo bila bei kichwani. Kama ni ile rupia 15 (hela ya enzi ya Wajerumani) ya Tabora, Wajerumani waliitengeneza huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, hapo jirani Singida. Sonara aipime: ina gramu 7 na kidogo, na bandia zipo. Lakini tajiri akianza hesabu za gramu, mkatalie. Hanunui kidani huyo, ananunua sarafu ya kale, na bei yake si ya uzito wa dhahabu tu. Angalia kwanza inauzwaje minadani Ulaya. Na usiisugue kwa limau ili ing'ae, tafadhali! Mkielewana, mkutane benki: hela iingie, ndipo umkabidhi.