Kabla Hujalijaza Buti: Kwa Wazimamoto Wanaotaka Kuchangisha

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuhesabu pesa za mchango kituoni, king'ora kililia tukiwa katikati ya sarafu. Tulikuwa watatu mezani. Noti tulikuwa tumeshazipanga mafungu mafungu, sarafu zimemwagwa kutoka kwenye buti la zimamoto tulilochangishia, na mwenzetu mmoja anaandika. Wito wa moto haujui "ngoja nimalize". Tuliinuka vilevile, tukavaa, tukapanda gari, tukaondoka.

Tulirudi baada ya saa nne, tumelowa na tunanuka moshi. Mafungu yalikuwa palepale, ila hakuna aliyekumbuka lipi limehesabiwa na lipi bado. Kwenye karatasi kulikuwa na tarakimu tatu zisizo na maelezo. Tukahesabu upya, na jumla ikatoka pungufu ya ile mwenzetu aliyoapa kwamba aliitaja kwa sauti kabla king'ora hakijalia. Mpaka leo naamini hakuna aliyechukua kitu. Tulikuwa tumechoka na hesabu zetu zilikuwa za ovyo, basi. Lakini imani yangu inamsaidia nini aliyetoa pesa yake?

Miezi mitatu baadaye nikakutana na mama mmoja mtu mzima, nikiwa sina hata sare. Alinitambua kwa uso. Hakunisalimia kwa maneno mengi. "Mwanangu, zile pesa za wale watoto wa wodini, zilifika?" Zilikuwa zimefika, tena zote tulizohesabu ile mara ya pili. Lakini nilianza kubabaika pale mbele yake, na nikaona macho yake yakibadilika. Kubabaika kule kunaniuma kuliko moto wowote niliowahi kuuingia.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza waanzie wapi, nawaambia waanzie mwisho. Andikeni kwanza jibu la swali la yule mama: pesa zinakwenda kwa nani, kununua nini, lini, na nani atathibitisha kwamba zimepokelewa. Kama jibu halijatosha kwenye sentensi mbili, msitoke bado.

Sare yetu ina tatizo moja: inaaminika mno. Mtu anayemkwepa kila mwenye kopo barabarani, akiona kofia ya zimamoto mkono unaingia mfukoni wenyewe, hata kibandiko hasomi. Msijidanganye kwamba amewapa ninyi. Amempa yule aliyeingia nyumba ya jirani yake mwaka ule akatoka na mtoto begani, na huenda mtu huyo alishastaafu kabla hamjaajiriwa. Mnatumia akiba iliyowekwa na wengine.

Wamarekani ndio waliolifanya buti kuwa kopo. Chama cha wafanyakazi wa zimamoto cha huko, IAFF, kilianza mwaka 1954 kulisaidia shirika la Muscular Dystrophy Association, linalohudumia watu wenye magonjwa ya kudhoofika kwa misuli, na kampeni yao ya Fill the Boot, yaani "jaza buti", ingali hai hadi leo. Naipenda kwa sababu haihitaji maelezo. Ukimwona mtu wa zimamoto ameshika buti lake mkononi badala ya kulivaa, umeshaelewa anachotaka.

Ila buti la kazini lisiguswe. Masizi yanayobaki kwenye vifaa vyetu si uchafu wa kawaida. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sasa wewe unamwekea mpita njia atumbukize mkono humo? Tafuteni buti ambalo halijawahi kuingia motoni. Ndani yake wekeni mfuko wa kitambaa unaochomoka, maana sarafu huenda kujificha kwenye vidole na noti hunata kwenye bitana, na kumwona mtu mzima amepachika mkono ndani ya buti hadi kwenye kiwiko mbele ya wafadhili si jambo la heshima.

Na hilo hilo kwa siku za kufungua milango ya kituo. Watoto watataka kuvaa koti na kofia, wazazi watataka picha. Wekeni seti moja safi kwa ajili yao tu. Nimewahi kumwona mwenzangu akimvika mtoto koti lililotoka kwenye ghala lililoungua juzi yake, kola ikimgusa mdomoni. Hakuwa na nia mbaya, hakuwaza tu.

Kuosha magari ya watu kituoni ni njia nyingine nzuri. Waingereza wameifanya kwa miaka mingi kwa ajili ya The Fire Fighters Charity, mfuko ulioanzishwa mwaka 1943, wakati wa vita, kuwasaidia wazimamoto na familia zao. Watu wanaipenda kwa sababu wanapata kitu, na wanaingia mahali ambapo siku zote hupaona kwa nje. Kosa letu lilikuwa foleni. Tuliwaacha wenye magari wajipange mbele ya lango kubwa, kisha wito ukaja, na dereva wa gari dogo la tatu alikuwa ameenda kumsindikiza mwanawe chooni na funguo mfukoni. Sekunde zilezile tunazozipigania kwa mazoezi mwaka mzima tukazipoteza kwa gari lenye povu. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba magari yanaoshwa upande mwingine kabisa wa uwanja, na walio zamu hawashiki sifongo. Wanaoosha ni waliopumzika, wastaafu, na ndugu na jamaa. Ikilia kengele, uoshaji unaendelea bila sisi.

Kuna kitu kimoja ambacho sitakirudia maisha yangu yote, nacho ni kukusanya nguo. Baada ya moto mmoja uliowaacha watu wa familia kadhaa na nguo walizolalia, tulitangaza kwamba kituo kinapokea chochote. Neno lililotuua ni hilo "chochote". Siku ya pili mifuko ilifika dirishani. Siku ya tatu ilikuwa imeanza kuliegemea gari. Tulipata makoti yasiyo na zipu, viatu vya mguu mmoja, gauni la harusi, na katoni nzima ya tai za shingoni. Watu wema kabisa, sisemi kwa kejeli. Mtu akiguswa hutoa kilicho karibu. Lakini tulitumia usiku tatu kuchambua, na wale tuliotaka kuwasaidia walihitaji vitu vinne ambavyo havikuwemo katika lundo lile: nauli, dawa ya mzee wao wa presha, madaftari ya watoto, na ada za kupata upya vitambulisho vilivyoungua. Nilimuuliza baba wa familia mojawapo kama amepata nguo za kumfaa. Akaniambia, kwa upole ulionitia aibu, "Nguo ninazo, afande. Sina karatasi hata moja ya kuonyesha mimi ni nani."

Ndiyo maana leo nasema ombeni pesa, au ombeni kitu kimoja chenye jina na idadi. Blanketi arobaini. Madaftari mia mbili. Zikitimia, tangazeni kwamba zimetimia na mfunge mlango. Na kabla ya kutangaza chochote, nendeni mkawaulize wenye shida. Si siku ileile ya moto, maana siku hiyo mtu hajui hata anahitaji nini. Nendeni baada ya siku mbili tatu, mkae, msikilize. Picha za nyumba yao iliyoungua zisiwekwe kwenye tangazo mpaka wakubali wenyewe, na wakikataa isiwe sababu ya kuwanunia. Sisi tumeona vyumba vyao vya ndani kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya kualikwa.

Kupanda ngazi na sare kamili kunavuta sana watu siku hizi. Kule Seattle, kila mwaka wazimamoto hupanda jengo la Columbia Center, ghorofa 69 zenye vidato 1,356, wakiwa wamevaa kila kitu na mtungi wa hewa mgongoni, kuchangia mapambano dhidi ya saratani za damu. Wengine hupanda ghorofa 110 kwa kuwakumbuka wenzetu 343 wa New York waliokufa Septemba 11, 2001. Ni jambo zuri, na mtu akiona jasho lako haoni taabu kutoa. Lakini mavazi na mtungi ni zaidi ya kilo 20, na koti lile limetengenezwa kuzuia joto lisiingie, kwa hiyo joto lako nalo halitoki. Kijana wetu mmoja aliyekuwa na mapafu kama farasi alianza kwa kukimbia ili apigwe picha. Ghorofa ya kumi na tisa tulimkuta amekaa, midomo imekauka, anatuambia yuko sawa kwa lugha isiyoeleweka. Wekeni mtu wa huduma ya kwanza kila baada ya ghorofa chache, maji, na ruhusa ya kuvua koti bila kuchekwa. Mitungi itoke kwenye ile ya mazoezi. Nikisikia kituo kimepandisha ngazi mitungi ya gari la zamu, sitawaelewa.

Halafu kuna swali ambalo vijana hawalipendi: mnachangisha kwa ajili ya nani hasa? Hakuna ubaya kuchangishia watu wetu. Wafaransa wana mfuko wa watoto yatima wa wazimamoto tangu 1926, na wazimamoto wao hupita nyumba hadi nyumba mwishoni mwa mwaka na kalenda, kila mtu akijua kinachoendelea. Chile wazimamoto ni wa kujitolea tangu kikosi cha kwanza kilipoundwa Valparaíso mwaka 1851, hawalipwi mshahara, na kuchangisha ni sehemu ya uhai wao. Kinachoharibu ni kuchanganya. Ukisema wodi ya watoto, iwe wodi ya watoto, isiwe wodi ya watoto na mashine mpya ya mazoezi ya kituo. Sisi tuna mabuti mawili, moja lina mstari mwekundu, jingine la buluu, na hayajawahi kukaa meza moja.

Kuhusu kuchangisha kwa ajili ya vifaa vya kazi, mipira ya maji, mavazi, barakoa za kupumulia, nina msimamo ambao baadhi ya wakubwa wangu hawakuupenda. Mahali ambapo kikosi kinalipwa na serikali, jamii imeshatoa mara moja kupitia kodi. Ukiwazoeza wananchi kukununulia mpira wa maji, mwenye bajeti ataanza kuupigia hesabu mchango wao. Omba mara moja kwa dharura ukibidi, na useme waziwazi kwamba ni dharura.

Barabarani sina mengi. Kibali kwanza, maana sehemu nyingi kusimama kati ya magari ni kosa hata ukiwa na sare. Kisha fulana zinazong'aa, na mtu mmoja asiyeshika buti ambaye kazi yake ni kutazama magari tu.

Matapeli nao wanaijua sare yetu. Mkitangaza kwamba mnachangisha, tangazeni pia yale msiyoyafanya: hatupigi simu kuomba pesa, hatutumi namba ya mtu binafsi, tunaopita tuna vitambulisho na kituo kinajulikana. Mtu akisita, mwambieni apige simu kituoni aulize. Usikasirike. Yule anayesita ndiye atakayewatetea siku mtakaposingiziwa.

Hesabu sasa tunaifanya hivi. Mifuko inafungwa na lakiri palepale mchango unapokusanywa, na namba ya lakiri inaandikwa. Wanahesabu watu wawili wasio zamu, na wa tatu kutoka nje ya kikosi. Kwetu ni mwalimu mstaafu ambaye haoni haya kusema "rudia". Kila fungu likikamilika linaandikwa na kutiwa saini kabla la pili halijaguswa. Wito ukija na msaada wa ziada ukahitajika, kila kitu kinaingia kwenye sanduku, kufuli moja, saa inaandikwa. Kesho yake asubuhi pesa iko benki. Gharama zetu, hata za kuchapa mabango, zinaandikwa kwenye karatasi ileile, na siku tunayopeleka pesa tunaomba barua ya mapokezi.

Kisha tunabandika karatasi hiyo kwenye lango la kituo, kwa maandishi makubwa, mwezi mzima. Mwaka jana yule mama alipita, akasimama, akavaa miwani, akaifuata mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa ndani nafunga kamba za buti nikimtazama. Alipofika chini kabisa, penye mstari wa "vingine: sarafu 3 za kigeni, kifungo 1 cha shati", akacheka peke yake, akafungua pochi, akaingia kuuliza buti jekundu liko wapi.